Nguo za Kushukia Ziwani

Siku mliyoniaga mlinipa kitenge, saa ya ukutani na maneno mazuri mengi, kisha mkaniomba niandike machache kuhusu kazi ili mnaobaki msipotee. Nina wiki ya tatu nyumbani sasa. Kuku wameshanizoea, mume wangu bado. Basi nimekaa niandike. Lakini kama mnategemea nieleze namna ya kujaza rejista, mtasubiri sana. Rejista ina maelekezo ukurasa wa kwanza, na kusoma mnajua. Mimi nitaandika kuhusu nguo.

Msicheke. Najua mmecheka. Kazi yangu ilikuwa kumfuata mgonjwa wa kifua kikuu mpaka alipo, juu huku Ufipa au chini kule ziwani, nihakikishe amemeza dawa mpaka kidonge cha mwisho. Dawa zilitoka stoo, gari lilitoka likitaka, na mafuta yalikuwa na siku zake. Kitu pekee nilichokuwa na uamuzi nacho mimi mwenyewe, kila safari, ni nguo. Nimekosea humo kuliko nilivyokosea mahali pengine popote, na kosa moja karibu limuue mtu.

Nilianza kazi mwezi wa saba. Mwezi wa saba wa Ufipa mnaujua. Mimi mtoto wa Mwazye, upepo wa kule nimekua nao, na bado kila mwaka unanishangaza. Nilikuwa na gauni jeupe la unesi, limepigwa wanga mpaka linasimama lenyewe, soksi nyeupe ndefu na viatu vyeupe. Mama yangu alikuwa amelipasi kwa mkono wake. Nikapanda nyuma ya pikapu pamoja na maboksi ya dawa, kwa sababu mbele palikuwa na wakubwa. Tulipofika kijiji cha kwanza sikuwa mweupe tena. Nilikuwa na rangi ya tofali bichi, kuanzia kope mpaka soksi, na wanga ule ulikuwa umeshika vumbi kwelikweli.

Aliyenipokea ni Mama Leokadia, nesi mkubwa wa kitengo, Mungu amrehemu. Mwanamke mfupi, mpana, asiyekuwa na haraka. Alinizunguka mara moja akiniangalia.

"We binti," akasema, "umekuja kutibu watu au kupokea komunyo ya kwanza?"

Nililia. Sioni aibu kusema. Nilikwenda nyuma ya jengo nikalia, kisha nikarudi, nikapima uzito wa wagonjwa ishirini na kitu na vumbi langu. Mama Leokadia hakunibembeleza. Jioni alifungua mkoba wake wa turubai akanionyesha kilichomo: sketi moja, blauzi moja, khanga doti moja, kipande cha sabuni ya mche, na kamba ya katani yenye urefu wa mikono mitatu. Basi. Alikuwa safarini siku tisa.

"Nyingine iko mwilini," akasema. "Hii ya mwilini ikifuliwa, ile ya mkobani inavaliwa. Ukiwa na ya tatu unabeba uvivu."

Alinifundisha kununua kitambaa. Unaingia dukani, unakunja pembe ya kitambaa kwenye ngumi, unahesabu mpaka ishirini, unafungua. Kikibaki na makunyanzi, mwachie mwenye duka. Halafu unadondosha mate kidogo uone yanavyonyonywa, na hapo ndipo wenye maduka wa Sumbawanga walipomchukia. Alinifundisha kukausha pia. Ukishakamua blauzi, itandike juu ya khanga kavu, uzungushe vyote pamoja kama mkeka, kisha upande juu ukanyage kwa miguu yote miwili. Khanga inanyonya maji yote. Ukifua jioni hata mwezi wa saba, asubuhi unavaa. Mnaodhani hili ni jambo dogo, hamjawahi kuvaa sidiria mbichi saa kumi na mbili asubuhi pale stendi.

Miaka iliyofuata nilijifunza mengine kwa gharama yangu. Nilishonesha koti zuri la bluu iliyokolea, nikajiona mtu, nikashuka nalo kwenye mapori ya bondeni. Mbung'o wanapenda rangi hiyo kuliko uhai wao. Walinifuata kwenye gari kana kwamba nimewaalika, na abiria wengine wakaomba nihamie siti ya nyuma. Tangu hapo nguo zangu za safari zikawa za rangi ya udongo, isiyopendwa na mbung'o wala na mume wangu.

Pikipiki nazo zilipoenea ikabidi nirudi kwa fundi. Fundi wangu alikuwa Pius, kibanda chake nyuma ya soko la Sumbawanga, mtu wa ubishi sana. Kila nesi alikuwa akipanda pikipiki upande upande kwa sababu ya sketi ya kubana, na kila mwezi mmoja wetu alianguka. Nikamwambia Pius nataka sketi ya marinda mapana, ndefu, niweze kupanua miguu nikae kama dereva, na ndani navaa taiti.

"Mama, hiyo si sketi, hiyo ni hema," akasema.

"Shona hema."

Akashona. Baadaye manesi wote wakaja kwake, na yeye akaanza kusema ni ubunifu wake.

Kisha kuna habari ya sweta. Sisi Wafipa tuna kasoro yetu moja: hatuliamini joto. Tunajua kabisa kule chini ziwani jua linaunguza, tumeshafika mara mia, lakini asubuhi tunaondoka mjini meno yanagongana, na sweta linavaliwa. Ukipita Namanyere njiani bado unalo. Gari likianza kuteremka jasho linatoka, na hulivui, maana gari lina upepo na mama yako alikuambia nini kuhusu upepo? Ukifika Kabwe, pale ziwani, unalivua kwa aibu. Mkoba umejaa, kwa hiyo unalifunga kiunoni. Watu wa ziwani wametutambua kwa hilo miaka na miaka. Wakiona mwanamke ana sweta kiunoni adhuhuri wanajua katoka juu, kaja kununua dagaa. Mimi nilikuwa nikijitahidi sana nisionekane hivyo. Nilikuwa mtaalamu bwana, si mchuuzi.

Ndipo vikaja vizibao.

Mradi mmoja ulituletea, jina lake nimeshasahau, maana miradi ilikuja na kwenda. Kilikuwa kizibao cha rangi ya chungwa, chepesi, kina mifuko saba. Nilikipima kwa ngumi ya Mama Leokadia: hakuna hata kunyanzi moja. Nikakiloweka, nikakitundika, kabla sijamaliza kumenya viazi kimekauka. Vumbi ukilipangusa kwa kiganja linaondoka. Mfuko wa kalamu, mfuko wa simu, mfuko mkubwa ndani wa kadi za wagonjwa. Kwa kila kipimo nilichowahi kufundishwa, ilikuwa nguo bora ya safari niliyowahi kuvaa maishani. Nilikivaa miezi mingi. Nilikivaa hata kwenda sokoni kwangu. Mgongoni kilikuwa na maandishi meupe, makubwa, yanayosomeka kutoka ng'ambo ya barabara: KIFUA KIKUU. Chini yake kulikuwa na maneno mengine madogo ambayo sidhani kama kuna mtu aliwahi kuyasoma.

Kipindi hicho nilikuwa na mgonjwa kijiji cha mwambaoni, mbele ya Kabwe. Nitamwita Mama Zuberi, ingawa si jina lake. Alikuwa na miaka thelathini na kitu, ana watoto watatu, mume yuko kambi ya wavuvi ya mbali, anarudi akirudi. Aliishi kwa kukausha dagaa na kuwauza kwenye soko dogo la pale ufukweni. Alikohoa karibu miezi mitatu ndipo akapimwa, akakutwa nao, akaanza dawa. Wiki za mwanzo alizichukua mwenyewe kituoni. Aliendelea vizuri, uzito ukapanda. Nikaona nimtembelee nyumbani, niwapime na watoto, kama kazi inavyotaka.

Nilifika nikaambiwa yuko sokoni. Nikaenda sokoni. Nikasimama mbele ya meza yake na kizibao changu, nikamsalimia kwa furaha, tukazungumza habari za watoto na za samaki. Ugonjwa sikuutaja hata kidogo, na kwa hilo nilijipongeza njia nzima ya kurudi. Mgongo wangu ulikuwa umeshautaja kwa soko zima.

Wiki mbili baadaye hakwenda kuchukua dawa. Nikashuka, nikaambiwa kasafiri. Nikashuka tena, mlango umefungwa, na jungu linachemka jiko la nje. Mara ya tatu sikupita mlangoni. Nilizunguka kwa ufukweni, nikamkuta nyuma ya nyumba anageuza dagaa kwenye mchanga kwa ufagio. Alikuwa amekonda tena. Aliponiona hakukimbia, alichoka tu.

"Nesi," akasema, "naomba uniache."

"Mama Zuberi, ukiacha dawa katikati..."

"Najua. Mliniambia. Nitakufa. Basi niache nife na jina langu." Akasimama na ule ufagio mkononi. "Ulikuja ukasimama kwenye meza yangu na bango mgongoni. Tangu siku ile napeleka dagaa asubuhi, narudi nao mchana. Mama Hadija nimekaa naye meza kwa meza tangu wanangu hawajazaliwa, kahamisha meza yake kaipeleka kule mwisho. Wanangu shuleni wanaitwa watoto wa kikohozi. Dawa yako itaniponya mapafu, sawa. Na hawa watakula nini?"

Akafungua pindo la khanga, akatoa vidonge vilivyobaki, akanipa. Vilikuwa na joto la mwili wake.

Wenzangu, nimefokewa na wakubwa, nimefukuzwa na mbwa, nimetemewa mate na mgonjwa aliyechanganyikiwa. Hakuna kilichowahi kuniingia kama maneno yale. Maana alikuwa anasema kweli tupu. Kwenye mafunzo nilikuwa nawafundisha wengine usiri wa mgonjwa, na siri ya huyu nilikuwa nimeitembeza sokoni juu ya mgongo wangu, tena kwa maringo. Nilikaa palepale mchangani. Nikavua kile kizibao, nikakigeuza ndani nje, nikakikalia.

"Nimekosa," nikamwambia. "Nisamehe."

Sikumbuki kama kabla ya hapo niliwahi kumwomba mgonjwa msamaha. Sisi huwa tunawaambia, hatuwaombi.

"Nipe wiki moja," nikasema.

"Ya nini?"

"Ya kubadilisha nguo."

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikamkalisha chini. Nilisubiri. Kilipotulia nikanyoosha mkono wenye vidonge. Alivitazama, akavichukua.

"Wiki moja," akasema. "Ukirudi na lile bango nakutosa ziwani, haki ya Mungu."

Njia nzima ya kupandisha niliwaza kitu kimoja: kwenye ufukwe ule, ni mgeni gani ambaye hakuna anayemtazama mara mbili? Jibu nilikuwa nalikimbia miaka yote. Mwanamke wa juu aliyekuja kununua dagaa. Wanashuka kila siku, wanakaa na wauzaji, wananong'onezana bei, wanaingia mpaka nyumbani kwa muuzaji kuangalia mzigo. Hakuna mtu anayeuliza.

Kesho yake nilikuwa kwa Pius.

"Nataka nionekane mnunuzi wa dagaa," nikamwambia.

Akanitazama juu chini. "Mama, kwani sasa hivi unaonekana nani?"

Nikampuuza. Tulichagua kitenge cha pamba chenye michoro mingi, kisichoonyesha vumbi wala magamba. Tetroni nilikataa. Tetroni haikunjiki na inakauka upesi, lakini ikishika harufu ya dagaa inakaa nayo mpaka Pasaka. Pamba ukiisuuza kwa limau inaachia. Marinda yalewale ya pikipiki. Ndani, chini ya kiuno upande wa kulia, nikataka mfuko mrefu wa kitambaa kigumu, una kifuniko na vifungo viwili, unaoweza kubeba vidonge vya wiki mbili na kikopo cha makohozi bila kutokeza. Pius aliushona mara tatu. Mara ya kwanza nilionekana nina nyonga moja. Mara ya pili ulilia nikitembea. Wa tatu ukakaa. Miguuni raba za safari, na kandambili mkobani za kuvaa nikifika, maana hakuna mnunuzi anayekanyaga mchanga wa ziwani na raba. Na sweta, kiunoni, mchana kweupe. Hilo halikuhitaji fundi.

Wiki ilipotimia nikashuka. Nilipita katikati ya soko, na hakuna aliyenigeukia. Nikafika kwenye meza ya Mama Zuberi. Alikuwa peke yake, dagaa wamejaa.

"Karibu mama," akasema bila kuinua macho. "Wa jana hawa, wamekauka vizuri."

"Sawa mwanangu. Nioneshe na walioko nyumbani, nachukua wengi."

Hapo ndipo akaniangalia usoni. Akaangalia sweta. Jamani, yule mama aliuma midomo mpaka machozi yakamtoka. Tulifika kwake ndipo akaachia, akacheka akiwa ameegemea ukuta, na safari hiyo kikohozi hakikumkatiza.

"Mnunuzi gani wewe," akasema, "hujatafuna hata dagaa mmoja?"

Akanifundisha. Dagaa unamtafuna uone mchanga. Ndoo unaingiza mkono mpaka chini, maana wazuri wanawekwa juu. Halafu unakunja uso na kusema bei imepanda, hata kama haijapanda. Nami nikampa dawa zake, akameza cha siku ile mbele yangu, na nikanunua dagaa kweli. Nilijiwekea sharti hilo: nikija kama mnunuzi, nanunua. Kwa miezi iliyofuata nyumbani kwangu tulikula dagaa wa kukaanga, dagaa wa nazi, dagaa na ugali wa ulezi, mpaka mume wangu akauliza kwa upole kama tumehamia Kabwe bila yeye kuambiwa.

Pale sokoni wakanizoea, wakanibatiza jina la Mama Sweta. Watu walipoona mnunuzi wa juu anarudi kwenye meza ileile kila baada ya wiki mbili, wanunuzi wengine nao wakasogea. Si wote. Mama Hadija alibaki na meza yake kule mwisho.

Ofisini hali haikuwa nyepesi. Mkuu wangu wa wakati ule alitaka picha za safari kwa ajili ya ripoti za mradi, na kwenye picha alitaka kizibao.

"Mbona hujavaa?" akaniuliza.

"Nimekifua, hakijakauka."

"Wiki ya sita hii!"

"Baridi ya Sumbawanga, mkuu."

Baadaye nilimwambia kweli, mlango umefungwa, nikasimama. Nikamwambia nina mgonjwa ambaye kizibao kile kinamuua, na kama ni lazima nikivae, aandike barua, aseme na nani atakwenda kumzika. Akasema hilo la picha tutaliangalia. Hatukuliangalia tena.

Mwezi wa nne wa dawa zake mvua zilikuwa zimeshika. Nilitoka mjini nikijua Mama Zuberi amebakiwa na vidonge vya siku mbili. Kupita Namanyere, kwenye mteremko, barabara ikawa imekatika, pamebaki korongo. Dereva akazima gari, akasema tulale Namanyere mpaka itengenezwe. Lini? Hajui. Abiria wengine wakageuka. Wakabaki wavuvi wawili waliotaka kwenda makwao, wavuke kwa miguu mpaka ng'ambo, ambako huenda pangepatikana pikipiki.

Nilikuwa na miaka hamsini na tisa. Magoti haya mnayafahamu. Nikasimama pale nikiangalia lile korongo la matope, nikajiuliza kama kuna mtu angenilaumu nikirudi. Hakuna ambaye angenilaumu. Nikapandisha marinda nikayachomeka kiunoni, vidonge nikavifunga kwenye mifuko miwili ya plastiki nikavirudisha kwenye mfuko wa ndani, nikafunga vifungo vyote viwili, raba nikazining'iniza shingoni. Nikashuka na wale wavuvi. Nilianguka mara mbili. Mara ya pili nilianguka kwa upande wa kushoto makusudi, kwa kuwa dawa zilikuwa kulia.

Tulilala kijiji cha ng'ambo, pikipiki tukaipata asubuhi. Mchana nilifika kwa Mama Zuberi, matope yamenikaukia mpaka nywele. Alishika mdomo.

"Mama, kwani usingengoja?"

"Ningengoja nini?" nikasema kwa ukali, maana nilikuwa nimechoka na nilitaka kulia. "Leta maji umeze."

Akameza. Kisha akanivua nguo kama mtoto, akanifunga khanga zake, akafua kitenge changu mwenyewe. Nikamwonyesha kuzungusha na kukanyaga. Tukakikanyaga wote wawili tukishikana mabega, na watoto wakitucheka mlangoni. Akakianika kwenye kichanja cha dagaa. Wakati jua linafifia kilikuwa kimekauka, kinanuka dagaa kutoka pindo hadi kiuno, nami nikakivaa hivyohivyo.

Miezi sita ilitimia. Makohozi yake yalipimwa, yakawa safi. Nilishuka kumpa habari kwa nguo zilezile, nikajikalisha kwenye kigoda mbele ya meza yake, nikatafuna dagaa mmoja, nikakunja uso.

"Umepona," nikamwambia chini chini. "Imekwisha. Kabisa."

Alikunja kikaratasi cha majibu nilichompa, akakifunga kwenye pindo la khanga, palepale alipowahi kufunga vidonge vya kunirudishia. Halafu akasimama. Nikadhani anakwenda kumlilia Mungu pembeni, wengi hufanya hivyo. Alipanda juu ya kigoda chake.

"Jamani nisikilizeni!"

Nikashika khanga yake. "We Mama Zuberi, shuka!"

"Niache." Sauti yake ilikuwa kubwa, kifua kile kilikuwa kimefunguka kweli. "Mnamwona huyu Mama Sweta? Huyu hanunui dagaa. Huyu ni nesi wangu! Mlikuwa mnanong'ona kwamba nina kifua kikuu. Nilikuwa nacho. Nimemeza dawa miezi sita, na leo nimepona, karatasi hii hapa. Anayetaka kuisoma aje aisome. Anayetaka dagaa, dagaa hawa hapa. Anayetaka kuninong'ona tena, aninong'one nikisikia!"

Soko zima likatugeukia. Nilikasirika, sitawaficha. Nusu mwaka wa kujificha, korongo, matope, ugomvi na mkuu, na huyu mwanamke kautupa wote kwa dakika moja! Halafu nikaangalia uso wake pale juu ya kigoda. Siri ilikuwa yake. Nilikuwa nimemtunzia tu, na sasa ameitaka.

Mzee mmoja mvuvi aliyekuwa anashona nyavu akainua kichwa. "Kumbe ni nesi!" akasema. "Ndiyo maana kila siku ananunua wale wa mchanga!"

Watu wakaangua kicheko. Kilikuwa kicheko cha kunicheka mimi, na sijawahi kufurahia kuchekwa namna ile. Wanawake wawili wakamfuata Mama Zuberi, mmoja akaisoma karatasi kwa sauti kwa yule asiyejua kusoma. Nilinyanyuka nikaenda kwenye pikipiki, machozi yananitoka, nikayafuta kwa mkono wa sweta.

Nilikuwa sijapanda nilipohisi mtu nyuma yangu. Alikuwa Mama Hadija, yule aliyehamisha meza. Jina lake nalo nimelibadilisha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Alisimama akichora mchanga kwa kidole cha mguu. Kisha akakohoa, akageuza uso upande, na mimi nikakijua kile kikohozi kabla hajasema neno.

"Mwezi wa pili huu," akasema. "Nilipoanza nikajiambia ni vumbi la dagaa. Meza nilihamisha kwa woga, mama, si kwa chuki." Akakitazama kitenge changu. "Nikikutwa nao, utanijia vipi? Utakuja umevaaje?"

Miaka yote hiyo nilikuwa nachagua nguo kwa ajili ya vumbi, mvua, mbung'o na pikipiki, na hakuna mgonjwa aliyewahi kuniuliza swali hilo, wala mimi sikuwahi kuwauliza wao.

"Utachagua wewe," nikamwambia.

Aligeuka akamtazama Mama Zuberi kule mezani, kazungukwa na watu, anapima dagaa.

"Kwa sasa njoo kama mnunuzi, uanzie kwa Mama Zuberi, watadhani umemfuata yeye," akasema. "Nikiwa tayari nitakwambia."

Alipimwa, akakutwa nao, akaanza dawa. Hayo yalitokea miezi miwili kabla hamjanipa kitenge na saa. Wewe uliyepokea njia ya Kabwe, faili lake unalo mezani na jina lake halisi unalijua. Amebakiwa na miezi mitatu na kidogo ya kumeza. Nilimwambia mnunuzi wa juu atakayekuja baada yangu ni mdogo wangu, ambaye sokoni hakuna anayemjua kuwa nesi, kwa hiyo jifunze kutafuna dagaa. Namba yake ya simu imeandikwa nyuma ya kadi kwa penseli. Kila safari, kabla hujafungua kabati lako, mpigie umuulize. Akisema uje kama mnunuzi, nenda kama mnunuzi, na ununue kweli. Siku atakayosema uje kama nesi, vaa unesi wako wote, uupitishe katikati ya soko, kisha unipigie na mimi.